Protini na Majirani Zake Sahanini

Msikilizaji, mwanamke wa mjini akitamka tu kwamba anataka kupunguza mwili, washauri hujaa. Mmoja atamwambia aache ugali na wali, ashinde na nyama na mayai. Mwingine atamuuzia kopo la unga wa protini, achanganye na maji na kunywa badala ya chakula cha usiku. Shangazi naye atamwonya aiache nyama kabisa, maana ndiyo inayomnenepesha. Wote hawa wanazungumzia protini, na wote wanaizungumzia kana kwamba inaingia tumboni peke yake. Mazungumzo ya leo yanaitazama protini jinsi inavyofika sahanini kwa kweli: imetoka wapi, imepikwa na nini, na imekaa jirani na chakula gani. Ujirani huo ndio wenye uzito mkubwa katika suala hili la unene wa wanawake.

Na suala lenyewe si dogo hapa kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 1991-92 ulikuta asilimia 11 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Utafiti wa aina hiyohiyo wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28. Kenya nako, kati ya mwaka 2008-09 na mwaka 2014, kiwango kilipanda kutoka asilimia 25 hadi 33. Kipimo kinachotumika ni uzito wa mtu kwa kilo, ukigawanywa mara mbili kwa urefu wake wa mita. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, huo ni unene wa kupindukia, na kisukari na shinikizo la damu huwa havipo mbali.

Lakini ule utafiti wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuwa na habari nyingine ambayo watu wengi hawakuitilia maanani. Asilimia 45 ya wanawake walikuwa na upungufu wa damu. Maana yake ni kwamba katika nchi moja, mara nyingine katika nyumba moja, na hata katika mwili mmoja, unene na upungufu wa damu vinaishi pamoja. Mtu anaweza kula akashiba kila siku, nguo zikambana, na bado mwili wake ukawa unadai madini ya chuma na protini bora.

Zamani protini ilipotajwa Afrika Mashariki, kilichokuja akilini ni mtoto mwenye kwashakoo: miguu iliyovimba, nywele zilizopauka, uso wa huzuni. Daktari Hugh Trowell, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa miongoni mwa waliouchunguza ugonjwa huo kwa kina, na mwaka 1954 alitoa kitabu juu yake pamoja na wenzake wawili. Trowell alikumbuka kwamba katika miaka yake ya mwanzo watu wanene walikuwa nadra sana miongoni mwa Waafrika aliowatibu. Alipoitembelea tena Afrika Mashariki mwaka 1970, alishangaa kuona watu wanene wamejaa mijini na kliniki za kisukari zimefunguliwa. Katika muda wa kizazi kimoja tu, eneo lililojulikana kwa watoto waliokosa protini lilikuwa limeanza kupata akina mama waliozidiwa na kalori.

Tuanze basi na protini yenyewe, na kile inachofanya mwilini.

Gramu moja ya protini ina kalori 4, sawa na gramu moja ya wanga. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Hadi hapo protini haina ajabu yoyote. Tofauti inaanza baada ya kumezwa. Mwili hutumia nguvu kukimeng'enya na kukichakata chakula, na kwa protini gharama hiyo ni kubwa: kati ya asilimia 20 na 30 ya kalori zake huishia katika kazi hiyo. Kwa wanga gharama ni asilimia 5 hadi 10, na kwa mafuta haizidi sana asilimia 3. Tena protini huchochea utumbo kutoa homoni zinazouambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Na mtu anapopungua uzito, protini ya kutosha husaidia misuli isiyeyuke pamoja na mafuta.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walilijaribu jambo hilo kwa watu 19, ambao 16 kati yao walikuwa wanawake. Kwanza waliwapa chakula ambacho asilimia 15 ya nguvu yake ilitokana na protini. Kisha wakaipandisha protini hadi asilimia 30, mafuta yakapunguzwa, na watu wakaachwa wale kadiri ya hamu yao kwa wiki 12. Hakuna aliyelazimishwa kujinyima. Hata hivyo ulaji wao ulishuka kwa kalori 441 kwa siku, na uzito ukapungua kwa wastani wa kilo 4.9.

Mwaka huohuo wanasayansi wawili, Stephen Simpson na David Raubenheimer, walitoa hoja iliyowafanya wengi wafikiri upya. Walikuwa wameanza na nzige. Waliona kwamba nzige akipewa chakula chenye protini kidogo hula kingi mno, hadi atimize kiasi cha protini anachohitaji, hata kama kwa kufanya hivyo anajaza mwili wanga kupita kiasi. Wakasema kwamba binadamu naye anaelekea kufanya hivyo. Mlo ukipungukiwa na protini, njaa haiishi mapema, na mtu huendelea kuongeza chakula. Anayeifahamu sahani ya mchana ya wafanyakazi wengi wa mijini, mlima wa ugali au wali, mboga za majani vijiko viwili, na mchuzi wenye kipande kimoja cha nyama, hatapata shida kuielewa hoja hiyo. Saa kumi jioni mwenye sahani hiyo tayari anatafuta andazi.

Je, basi, protini nyingi ndiyo dawa ya unene? Hapana, na ushahidi wake upo. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la watu 811 wenye uzito uliozidi. Waligawanywa katika milo minne iliyotofautiana kwa mafuta, wanga na protini, wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Mwishoni, waliopangiwa protini ya asilimia 25 walikuwa wamepungua kilo 3.6, na waliopangiwa asilimia 15 kilo 3.0. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuuzia makopo. Katika miezi ya mwanzo protini humsaidia mtu kushiba; katika safari ya miaka, kinachobaki ni ule mlo anaoweza kuishi nao.

Ndiyo maana watafiti wengine waliacha kuhesabu gramu tu wakaanza kuuliza: protini hii imetoka kwenye chakula gani? Jibu kubwa zaidi limetoka kwa wauguzi.

Mwaka 1976 Daktari Frank Speizer na wenzake huko Boston walianza kuwafuatilia wauguzi wanawake 121,700 wa Marekani, wenye umri wa miaka 30 hadi 55. Lengo la kwanza lilikuwa kujua athari za muda mrefu za vidonge vya uzazi wa mpango. Kuanzia mwaka 1980 wakaongeza maswali ya chakula: mayai mangapi, maziwa kiasi gani, nyama mara ngapi kwa wiki. Mwaka 1989 kundi la pili la wauguzi wanawake zaidi ya 116,000, wa umri mdogo zaidi, lilianza kufuatiliwa. Wauguzi walichaguliwa kwa sababu wanajua kuzungumzia afya zao kwa usahihi na hawachoki kujibu. Kwa miongo kadhaa wanawake hawa wamekuwa wakijaza fomu na kuzirudisha kwa posta, na mengi yanayojulikana leo kuhusu chakula na mwili wa mwanamke yametokana na subira yao.

Mwaka 2011 Dariush Mozaffarian na wenzake waliunganisha taarifa za makundi hayo mawili na za kundi la wanaume wanaofanya kazi za afya, jumla ya watu 120,877. Wastani wa ongezeko la uzito ulikuwa kama kilo moja na nusu kila miaka minne. Kidogo, kidogo, bila mtu kugundua, hadi miaka 20 inapita na kilo saba na ushee zimeingia. Chipsi kavu za viazi ziliongoza kwa kufuatana na ongezeko hilo, zikifuatiwa na viazi na vinywaji vya sukari. Nyama nyekundu haikuwa mbali: walioongeza mlo mmoja wa nyama kwa siku waliongeza pia, kwa wastani, karibu nusu kilo kwa miaka minne. Nyama za viwandani, kama soseji, zilifanya hivyohivyo. Kwa upande wa pili, walioongeza mtindi na walioongeza njugu na karanga waliongezeka uzito pungufu kuliko wenzao.

Miaka minne baadaye, mwaka 2015, makundi hayohayo yalichambuliwa tena, safari hii kwa ajili ya vyakula vya protini peke yake. Orodha iliyopatikana inastahili kusikilizwa kwa makini. Nyama nyekundu, kuku mwenye ngozi na jibini ya kawaida vilifuatana na kuongezeka uzito. Maziwa, maharage na jamii yake, na mayai havikuonyesha kuongeza wala kupunguza. Mtindi, samaki, kuku asiye na ngozi, siagi ya karanga na njugu za aina mbalimbali vilifuatana na kupungua.

Lakini sehemu yenye mafunzo zaidi ni ile iliyoangalia majirani. Mtu alipoongeza nyama nyekundu huku akiongeza pia vyakula vya wanga unaopanda haraka kwenye damu, mfano mkate mweupe na viazi, uzito ulipanda zaidi. Alipoongeza nyama hiyohiyo huku akiongeza mboga za majani, ongezeko lilikuwa dogo. Mayai yalitoa picha iliyo wazi kabisa: yalipokaa pamoja na wanga mweupe mwingi, yalifuatana na kunenepa, yalipokaa na mboga na nafaka zisizokobolewa, yalifuatana na kupungua. Yai lilikuwa lilelile.

Ni kweli kwamba utafiti wa namna hii humfuata mtu anavyoishi, haumpangii cha kula. Muuguzi anayependa mtindi huenda ndiye pia anayetembea jioni na kulala mapema, na ingawa watafiti huyapunguza hayo kwa hesabu, hayaondoki yote. Tena wengi wa wauguzi hawa ni Wamarekani weupe, ambao hawajui makande wala kisamvu. Kwa hiyo orodha yao isichukuliwe kama amri. Kanuni iliyomo ndani yake, ya kuangalia chanzo cha protini na kinachofuatana nacho, inaweza kupimwa kwenye chakula chetu wenyewe, na tukifanya hivyo tunaona inasimama.

Mfano wa kwanza uko barabarani. Chipsi mayai ya kibandani ina mayai mawili au matatu, na kwa mayai peke yake mlo huo ungekuwa mzuri: mayai matatu yana protini kama gramu 19 na kalori zinazozidi 200 kidogo tu. Ila mayai hayo yamemwagwa juu ya viazi vilivyotoka kwenye karai la mafuta, yakakaangwa kwa mafuta mengine, na pembeni imewekwa soda. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na mkaangaji hapimi kwa kijiko. Dada anayekula sahani hiyo saa tatu usiku akidhani amekula protini hajakosea. Amekula protini pamoja na majirani wabaya.

Mfano wa pili ni wa pwani. Mbaazi za nazi ni chakula cha heshima kutoka Lamu hadi Mtwara, na mbaazi yenyewe ni protini safi yenye nyuzinyuzi nyingi. Kikombe cha tui zito, hata hivyo, kina kalori zaidi ya 500, na mahamri yanayoliwa nazo yamezamishwa kwenye mafuta. Mbaazi zilezile zikipikwa kwa tui jepesi, zikaliwa na chapati moja isiyojaa mafuta au na muhogo wa kuchemsha, zinamshibisha mtu hadi adhuhuri kwa kalori chache zaidi. Ladha ya nazi haipotei kwa kupunguza tui zito.

Hebu tulinganishe kwa kiasi kimoja: gramu 20 za protini. Kuzipata kutoka kifua cha kuku kisicho na ngozi, mtu anakula kalori 110 hivi. Kutoka dagaa wakavu, kalori hazifiki 150. Kutoka maharage yaliyochemshwa, karibu 290, lakini pamoja nazo anapata zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi ambazo nyama haina hata moja. Kutoka nyama ya kusaga yenye mafuta, kalori zinakaribia 400. Kutoka karanga, 440. Kutoka soseji, zinaweza kufika 500. Protini ni ileile gramu 20. Mzigo unaoisindikiza ndio unaotofautiana mara tatu na mara nne.

Karanga katika orodha hiyo zinaleta swali. Ikiwa zina kalori nyingi hivyo, mbona waliozila katika utafiti wa wauguzi hawakunenepa? Sababu moja ni shibe. Mtu aliyekula konzi moja ya karanga hana haraka ya kula tena. Sababu ya pili ni kwamba sehemu ya mafuta ya njugu hupita tumboni bila kufyonzwa, kwa kuwa imefungiwa ndani ya kuta za chembechembe ambazo meno hayakuzivunja. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipopima lozi mwaka 2012 walikuta mwili unapata nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko inavyoandikwa kwenye pakiti. Hiyo ni konzi moja, lakini, tena ya karanga za kukaanga bila mafuta. Anayemaliza pakiti tatu mbele ya televisheni yuko kwenye hesabu nyingine.

Maharage yanastahili heshima kubwa kuliko tunayoyapa. Watu wengi waliosoma shule za bweni wameyachoka, na mtu akipata kipato cha kwanza huyakimbia. Wakati huohuo watafiti wa Toronto, Kanada, walikusanya majaribio 21 ya mikunde na kutoa majibu mwaka 2016: waliokula kama robo tatu ya kikombe cha maharage, dengu au mikunde mingine kwa siku walipungua theluthi moja ya kilo katika wiki sita, hata bila kuambiwa wapunguze chakula kingine. Ni kidogo, ila ni kidogo kinachopatikana kwa fedha ya maharage. Na bibi zetu waliopika makande, au githeri kama wanavyosema Kenya, walikuwa wamepatia jambo ambalo maabara zilikuja kulithibitisha: mahindi yamepungukiwa na asidi amino iitwayo lisini, maharage yanayo kwa wingi, maharage yamepungukiwa na methionini, mahindi yanaileta. Vikiliwa pamoja vinampa mtu protini inayokaribia ya nyama.

Dagaa nao, wawe wa Kigoma au wa Mwanza, ambao Kenya huitwa omena, ni hazina iliyoko kwenye genge la kila mtaa. Wakikauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, wanamletea mwanamke kalisi na madini ya chuma kwa pamoja. Wakichemshwa na nyanya na kitunguu, wakakamuliwa ndimu, ni mlo ambao daktari wa lishe hana la kuongeza. Ndimu hiyo ina kazi: vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi inayonywewa juu ya chakula hufanya kinyume chake, kwa hiyo ni vyema ikangojea kidogo.

Kuhusu mayai, mwaka 2005 wanawake wapatao 30 wenye uzito uliozidi walipewa kifungua kinywa cha namna mbili kwa siku tofauti: mayai, na siku nyingine mkate, kalori zikiwa sawasawa. Siku ya mayai walikula kidogo zaidi mchana. Yai moja la kuchemsha asubuhi, basi, linaweza kumwondolea mtu andazi la saa nne. Mtindi nao, au maziwa mgando, unawafaa hata wengi ambao maziwa mabichi huwasumbua tumbo, kwa sababu bakteria wameshaila sehemu ya sukari ya maziwa. Ila mtindi wa madukani wenye rangi na ladha ya matunda mara nyingi umejazwa sukari, na huo haumo katika sifa hizi.

Nyama haihitaji kufukuzwa nyumbani. Kwa mwanamke mwenye upungufu wa damu, madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama na maini hufyonzwa vizuri kuliko yale ya mchicha. Shirika la kimataifa linaloshughulikia kinga ya saratani, World Cancer Research Fund, linashauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, kiasi ambacho familia nyingi za vijijini hazikifikii kabisa, na baadhi ya meza za nyama choma hukipita usiku mmoja. Soseji na nyama nyingine za viwandani ni habari tofauti. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliziweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na kukadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Sasa lipo jambo ambalo vitabu vya lishe vya ng'ambo haviliandiki, nalo ni mgao. Katika nyumba nyingi za kwetu, mwenye kupika ndiye wa mwisho kupakua. Baba anawekewa minofu, na firigisi ni yake bila mjadala, watoto wanafuata, mama anabaki na mchuzi na ugali wa chini ya sufuria. Miiko iliongeza ugumu. Kwa Waganda, mwanamke wa zamani hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Katika baadhi ya jamii za Tanzania mjamzito alikatazwa mayai kwa kuhofiwa kwamba mtoto angezaliwa bila nywele. Miiko hiyo imelegea, lakini mgao wake ungalipo. Mwanamke anayenyimwa protini hujaza tumbo kwa kilichobaki, na kilichobaki ni wanga na mafuta. Hapo unene na upungufu wa damu vinapata mlango mmoja wa kuingilia.

Nyakati mbili za maisha zinahitaji uangalifu wa pekee. Ya kwanza ni baada ya kujifungua. Mzazi huwekewa supu, uji wa maziwa, na kule Kilimanjaro mtori wa ndizi na nyama, na desturi hiyo ina hekima: anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 za ziada kwa siku, na katika miezi sita ya kwanza protini ya ziada ya karibu gramu 19. Tatizo linakuja mtoto anapoachishwa ziwa na mama akaendelea kula kwa kipimo kilekile cha arobaini.

Ya pili ni umri wa kukoma hedhi. Utafiti mkubwa ulioanza Marekani katikati ya miaka ya 1990 kufuatilia wanawake wa rika hilo ulionyesha kwamba mabadiliko yanapoanza, kasi ya kujaza mafuta mwilini huongezeka mara mbili, huku misuli ikianza kupungua. Mizani inaweza kuonyesha kilo chache tu, kumbe ndani mambo yamebadilika sana. Wanawake hawa wanahitaji wanga pungufu kuliko walipokuwa na miaka 30, na protini isiyopungua. Utafiti mwingine wa Marekani, wa wanawake 24,417 wenye umri wa miaka 65 hadi 79, uliona kwamba waliokula protini zaidi hawakudhoofika upesi kama wenzao. Kuwapa bibi zetu uji mtupu asubuhi na jioni kwa sababu tu meno yamepungua ni kuwakosea. Samaki laini, mayai na choroko zilizopondwa haviwashindi.

Kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani na wenzake wameweka gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima mwenye afya. Mwanamke wa kilo 65 anahitaji gramu 54 kwa siku. Mayai mawili yanampa 12, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kinampa zaidi ya 20. Tayari amevuka, na ugali wenyewe bado haujahesabiwa. Hana haja ya kopo la unga kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye asiyepaswa kuongeza protini bila kuzungumza na daktari wake kwanza.

Hayo yote yanarudi kwenye upawa wa anayepakua chakula. Kwenye sahani ya leo usiku, ugali upungue tonge tatu au nne, maharage au dagaa yaongezwe upawa mmoja, mboga za majani zijaze nusu ya sahani, na mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu. Soda ibaki dukani. Na baba mwenye nyumba, kabla hajaanza kula, aangalie kama sahani ya mkewe ina kipande cha samaki kama cha kwake. Ikiwa hakipo, agawe.